Mwanamke Mbele ya Kipaza Sauti: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kuhusu jioni za vichekesho katika kumbi na baa za Lubumbashi, hapa Kongo, na tukataja kwamba jioni nzima huweza kwisha bila mwanamke hata mmoja kupanda jukwaani. Barua zilizofuata zimetoka kwa wasichana wanaotaka kuchekesha, kwa wenye kumbi, kwa wazazi na kwa watazamaji. Nimechagua sita. Nimezifupisha pale zilipotaja mambo ya watu binafsi, na majina nimeyaondoa kama waandishi walivyoomba.

*Mama mwandishi, salamu. Nina miaka ishirini na minne na ninakaa Katuba. Nyumbani na kwenye kilio watu huniita niwachekeshe, hata wazee. Nilipoingia katika kundi moja la wachekeshaji, nilipewa nafasi ya mke mgomvi katika kila mchezo. Nilipoomba dakika zangu mwenyewe, kiongozi alisema kwamba watu hawalipi pesa zao ili wamsikilize mwanamke. Je, nihame kundi, ninyamaze, au nifanye nini?* (Msomaji, Katuba)

Mwanangu, kiongozi wako amekosea, na sitafuti neno la kulainisha jambo hilo. Watu wa mji huu walikuwa wakiwasikiliza wanawake wakichekesha tangu kabla kipaza sauti hakijafika. Wewe mwenyewe umetaja kilio. Katika familia nyingi za Katanga wajukuu wana haki ya utani, na mjukuu wa kike akisimama kuiga jinsi marehemu alivyotembea, alivyohesabu pesa za chenji au alivyowaita watoto wakati wa jioni, wale waliokuwa wakilia hucheka huku machozi yangali usoni, wala hakuna anayeuliza kama anayeigiza ni mwanamume au mwanamke. Tofauti iliyopo jukwaani ni kwamba kuna mtu mmoja anayegawa dakika, na mtu huyo amezoea kuwagawia wanaofanana naye.

Nafasi ya mke mgomvi haina aibu, lakini ina kasoro moja kubwa kwako: inakufundisha kumwitikia mwenzako, haikufundishi kuushika ukumbi peke yako. Kuushika ukumbi ni kazi ya namna nyingine. Ni kujua wapi unyamaze, ni kungoja kicheko kitulie kabla hujatamka neno linalofuata, ni kuwarudisha wale wa meza ya nyuma waliokwisha kuanza mazungumzo yao. Mambo hayo hayajifunzwi mbele ya kioo. Yanajifunzwa mbele ya watu, mara nyingi, na zaidi katika zile jioni ambazo mambo yanakuendea vibaya.

Tazama Anne Kansiime wa Uganda, aliyezaliwa Kabale mwaka 1986. Wengi wetu tulimjua kwa video zake fupi za intaneti, tukadhani ametokea ghafla, lakini kabla ya video hizo alikuwa amepita katika vikundi vya maigizo ya kuchekesha mjini Kampala, kwanza Theatre Factory na baadaye Fun Factory, ambako alikutana na watazamaji uso kwa uso. Au mtazame Caroline Wanjiku wa Kenya, anayejulikana kwa jina la Teacher Wanjiku, aliyepata umaarufu katika kipindi cha Churchill Show. Mhusika aliyemtengeneza ni mwalimu. Si mke wa fulani ndani ya mchezo wa fulani. Ana kazi yake, ana wanafunzi wake, na ana maneno yake ambayo hakuna mwenzake wa kumpokonya. Hapo ndipo ningependa uanzie: tafuta mhusika ambaye angeweza kusimama hata kama wenzako wote wangekuwa wamekwenda nyumbani.

Kwa hiyo usihame bado. Rudi kwa kiongozi wako na uombe dakika tano badala ya kumi, siku ileile ya kila wiki, kwa muda wa miezi miwili, na uombe ziwe katikati ya jioni. Ninasisitiza katikati kwa sababu mwanzoni watu wangali wanaingia na kuagiza vinywaji, na mwishoni wanamngoja yule ambaye picha yake iko kwenye afishi. Dakika tano zinatosha mada mbili, na usibebe tatu.

Kuna mambo mawili madogo ambayo wanaume wengi hawayaoni, kwa sababu hayawagusi. Mguu wa kipaza sauti huachwa katika urefu wa mtu aliyetangulia, ambaye mara nyingi ni mwanamume mrefu, na dada anayemfuata hupoteza nusu dakika ya kwanza akipigana na chuma kilichokwama, huku ukumbi ukimtazama kwa huruma. Na mtu anayehurumiwa ni vigumu kuchekesha. Fika mapema, ujaribu kuufungua na kuufunga mguu huo kwa mikono yako, au uchomoe kipaza sauti na kuusogeza mguu nyuma yako kabla hujasema lolote. Jambo la pili ni namna unavyotambulishwa. Mwendesha onyesho akisema, “Sasa tunaye dada yetu mrembo, mpigieni makofi jamani,” amekwisha kuwaambia watu wakutazame badala ya kukusikiliza. Andika sentensi mbili za kukutambulisha, jina lako na jambo moja la kweli kuhusu kazi yako, umpe mkononi na umwombe azisome kama zilivyo.

Miezi miwili ikipita bila kupewa hata hizo dakika tano, tafuta wanawake wengine wawili wenye kiu kama yako. Mkiwa watatu mnaweza kuibeba saa moja ya onyesho bila mtu yeyote kuelemewa, na mwenye ukumbi atakuwa na kitu kamili cha kuweka kwenye tangazo lake.

*Ndugu mhariri, nina ukumbi wa viti karibu mia moja Kampemba. Tarehe 8 Machi nilifanya jioni ya wachekeshaji wanawake. Kina mama walikuja na vikwembe vyao vya sikukuu, ukumbi ulijaa, tukafurahi sana. Tangu siku hiyo sijampata mwanamke wa kupanda jukwaani katika jioni za kawaida, na wachekeshaji wangu wanaume wanasema nimekwisha kutimiza wajibu wangu. Je, nianzishe jioni ya wanawake peke yao kila mwezi, au nitakuwa ninawatenga?* (Mwenye ukumbi, Kampemba)

Papa, asante kwa kuuliza kabla ya kuamua. Swali lako limewahi kujaribiwa mahali pengine. Mwaka 1978, Mitzi Shore, aliyemiliki ukumbi wa The Comedy Store mjini Los Angeles, Marekani, alifungua chumba kidogo cha ghorofani kilichoitwa Belly Room kwa ajili ya wachekeshaji wanawake. Wapo walioshukuru, kwa maana hatimaye walipata muda wa kujaribu maneno yao bila kupangwa baada ya wanaume kumi. Wapo pia waliolalamika kwamba wamepandishwa juu ili wasionekane, kwa kuwa ukumbi mkuu uliokuwa njia ya kuelekea televisheni ulibaki chini. Nimezifikiria hoja zote mbili na ninaona kila upande ulikuwa na haki yake: chumba cha kujifunzia ni chema ikiwa kina ngazi ya kushukia ukumbini.

Kwa hiyo jioni ya wanawake kila mwezi ifanye, lakini kwanza rekebisha jioni zako za kawaida. Weka wanawake wawili katika kila orodha, wala usiweke mmoja. Anapokuwa mmoja, akishindwa watu husema wanawake hawachekeshi, na akifaulu husema yeye ni wa pekee. Katika hali zote mbili mwanamke wa wiki inayofuata hapati faida yoyote. Wanapokuwa wawili wenye mitindo tofauti, mtazamaji analazimika kumhukumu kila mmoja kwa kazi yake, kama anavyowahukumu wanaume.

Ulisema huwapati. Ninaamini wapo, nami ninakuomba uzichunguze sababu za kutokuja kwao moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni saa. Onyesho linaloanza saa tatu za usiku humalizika wakati usafiri umepungua, na mwanamke anayerudi Ruashi au Katuba atahesabu pesa ya teksi dhidi ya malipo uliyomwahidi, aone kwamba amekuja kukufanyia kazi kwa hasara. Ukianza saa kumi na mbili jioni, ukaweka zamu za wanawake katika saa ya kwanza na nusu kwa wale wanaotaka kurudi mapema, na ukamlipa dereva mmoja unayemfahamu awafikishe waliobaki hadi mlangoni kwao, utashangaa jinsi orodha itakavyorefuka. Hesabu gharama ya dereva huyo pamoja na mafuta ya jenereta, kwa sababu zote mbili ni gharama za kufanya onyesho liwezekane katika mji ambao umeme hukatika na barabara nyingi hazina taa.

Ya pili ni mahali pa kujitayarishia. Kumbi nyingi zina chumba kimoja nyuma ya jukwaa, ambamo wanaume wanabadilisha mashati na kunywa bia, na choo ambacho mlango wake haufungiki. Komeo na taa ya betri vitagharimu kiasi kidogo cha falanga. Fanya hilo wiki hii.

Ya tatu ni malipo, na hapa nataka nikae kidogo. Wenye kumbi hupenda kumwambia mchekeshaji mpya kwamba kuonekana kwake ndiko malipo yake. Mwaka 1979 wachekeshaji wa The Comedy Store niliyoitaja, wanaume kwa wanawake, waligoma kwa sababu ukumbi ulikuwa ukiuza tiketi na vinywaji huku wao wakipanda jukwaani bila kulipwa, na mgomo ukaisha kwa makubaliano ya dola 25 kwa kila zamu. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilithibitisha kwamba zamu ya jukwaani ni kazi. Mfumo wa kutolipa huwaumiza wote, ila huwaumiza wanawake zaidi, kwa kuwa kijana wa kiume anaweza kuja kwa miguu, akacheza bure kwa mwaka mzima na kulala kwa rafiki yake, wakati dada mwenye mtoto mchanga analazimika kumlipa mtu wa kumlea kabla hajatoka nyumbani. Panga malipo ya zamu kwa kila mtu, yawe sawa kwa wenye muda sawa, uyaandike ukutani nyuma ya jukwaa, na uyatoe usiku uleule kabla ya mtu kuondoka.

Kuhusu watazamaji wanaorusha matusi, usimwachie mchekeshaji peke yake. Kumjibu mtu anayekatiza maneno ni sehemu ya ufundi, na wanawake wanaujua ufundi huo vizuri sana. Lakini mtu anayepiga kelele juu ya mwili wa aliye jukwaani, au anayesimama njiani amshike mkono anaposhuka, ni shauri la mwenye nyumba. Mwendesha onyesho atangaze kanuni hiyo mwanzoni kwa sauti ya kawaida, na mtu wa mlangoni ajue kwamba ana ruhusa yako ya kumtoa hata mteja anayenunua sana.

Na hao wanaosema umekwisha kutimiza wajibu wako, waambie kwamba hata penye fedha nyingi mambo haya hayajirekebishi yenyewe. Tuzo kuu ya vichekesho ya tamasha la Edinburgh, huko Uskoti, ilianza kutolewa mwaka 1981, na mwanamke wa kwanza kuipata akichekesha peke yake, Jenny Eclair, aliipata mwaka 1995. Wanawake walikuwapo miaka yote hiyo.

*Mama mwenzangu, binti yangu ana miaka ishirini, anasoma chuo, na sasa anasema anataka kuwa mchekeshaji. Sisi ni watu wa kanisa. Majirani wananiuliza kwa nini ninamruhusu mtoto wa kike asimame usiku mbele ya walevi, na baba yake hataki hata kulisikia jambo hili. Nifanye nini?* (Mama, Ruashi)

Mama, una hofu mbili na ninakuomba usizichanganye. Ya kwanza ni usalama wa mtoto wako, nayo ni ya haki kabisa. Ya pili ni maneno ya majirani, nayo isikunyime usingizi. Kwa ile ya kwanza una haki ya kuuliza maswali yote ambayo mzazi angeuliza kama binti yake angeajiriwa dukani: nani anaandaa, mahali ni wapi, kazi inaisha saa ngapi, nani anamrudisha nyumbani, na analipwa nini. Mwandalizi mwema atakujibu bila kukasirika.

Kwa ile ya pili, nenda ukaone. Usimwambie binti yako kwamba unakwenda kumchunguza. Mwambie unakwenda kumsikiliza. Mchukue shangazi yake, na ikiwezekana mmoja wa hao majirani, mkae mstari wa pili. Wengi wanaolaumu jioni za vichekesho hawajawahi kuziona, wanazifikiria kwa mfano wa baa wanazozipita usiku. Huenda ukasikia maneno ambayo hutayapenda, na hayo utamweleza nyumbani kwa utulivu, kwa kuwa mchekeshaji mchanga anahitaji mtu mmoja wa kumwambia ukweli bila kumfunga mdomo.

Tena, vichekesho havikai usiku peke yake. Vijana huigiza kanisani siku za sikukuu, shule hufanya sherehe za kumaliza masomo, kina mama hukutana kumfunda bibi arusi, na mahali pote hapo pana watu wanaotaka kucheka mchana kweupe. Mwombe binti yako aanzie huko, na baba yake aalikwe. Sijui njia ya kumbadilisha baba kwa hoja iliyo bora kuliko kumweka mahali ambapo watu wazima anaowaheshimu wanachekeshwa na mtoto wake na kumpongeza.

*Mheshimiwa, nimeolewa na nina watoto wawili, na mume wangu ananiunga mkono. Mwandalizi mmoja alinipa mkataba wa maonyesho matatu, lakini akasema hautatiwa saini bila barua ya ruhusa ya mume wangu. Wachekeshaji wanaume waliooa hawakuombwa barua ya wake zao. Halafu msaidizi wake akanipigia simu usiku, mara kadhaa, akitaka tuonane hotelini ili tupange tarehe, na akadokeza kwamba nikikataa jina langu litaondolewa. Sheria inasema nini?* (Msomaji, Likasi)

Dada yangu, hayo ni mambo mawili, na la pili ni zito zaidi.

Kuhusu barua ya mume, mwandalizi anafuata mazoea ya zamani. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Kanuni hiyo ilirekebishwa na sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, na kifungu hicho sasa kinawataka mume na mke waafikiane katika matendo ya kisheria yanayowafunga. Wajibu huo ni wa wote wawili. Kwa hiyo, kama mwandalizi anataka kuhakikisha kwamba kuna maafikiano nyumbani kwako, ni lazima atake jambo hilohilo kwa kila mwanamume aliyeoa katika orodha yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaitaka mamlaka ya nchi iondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake, na sheria nambari 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 imeweka namna ya kutekeleza haki za wanawake na usawa. Ushauri wangu ni kwamba usipeleke barua ya ruhusa. Ikilazimu, pelekeni tamko fupi la maafikiano lililotiwa saini na ninyi wawili, na umwandikie mwandalizi kwa adabu ukimwomba athibitishe kwamba wenzako nao wataleta la kwao.

Kuhusu simu za usiku, sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, inaadhibu mwenendo wa kudumu wa kumshinikiza mtu, kumtisha, au kutumia vibaya mamlaka ya kazi ili kupata kwake jambo la ngono. Sheria hiyo iliweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi kumi na miwili, pamoja na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Usiende hotelini. Mjibu kwa ujumbe wa maandishi kwamba tarehe zitapangwa ukumbini, mchana, mwandalizi mwenyewe akiwapo, na uuhifadhi ujumbe huo pamoja na orodha ya simu alizokupigia. Mweleze mumeo leo, kwa kuwa umesema anakuunga mkono. Shinikizo likiendelea, mwone mwanasheria ukiwa na ushahidi huo mkononi, na uwaonye wachekeshaji wengine wa kike wanaofanya kazi na watu hao, maana msaidizi wa namna hiyo mara chache humfuata mmoja tu.

*Kila mwanamke ninayemsikia jukwaani anazungumza juu ya wanaume na ndoa. Je, hawana mada nyingine?* (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Ndugu, wiki ijayo sikiliza jioni nzima na uhesabu ni wanaume wangapi watakaozungumza juu ya wake zao, wachumba wao na mama wakwe zao, kisha uniambie kama kuna aliyewashitaki kwa ukosefu wa mada. Ndoa ni mada halali. Mtu huanza kuchekesha kutokana na anachokijua kwa karibu, halafu uwanja unapanuka kadiri anavyopewa muda.

Ninakupa mfano wa uwanja huo. Loretta Mary Aiken, mchekeshaji mweusi wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Moms Mabley, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchekesha katika jukwaa la Apollo Theater, Harlem, mwaka 1939, na mwaka 1962 alifika Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa New York. Alivaa gauni la nyumbani na kofia iliyolegea, akajifanya kikongwe asiye na meno, na kwa kinywa hicho akasema juu ya ubaguzi wa rangi na juu ya siasa maneno ambayo mwanamke kijana mwenye gauni la kung’aa asingevumiliwa kuyasema. Sisi tunaielewa haraka mbinu hiyo, kwa kuwa katika nyumba zetu kambo wa kike, yaani nyanya, husema mbele ya wageni jambo ambalo mkwe hawezi hata kulinong’ona jikoni. Roukiata Ouedraogo, mzaliwa wa Burkina Faso anayechekesha Ufaransa, amechukua njia tofauti: anapanda jukwaani kwa jina lake mwenyewe na kusimulia utoto wake, uhamiaji wake, hata mambo yenye maumivu makubwa, na watu hucheka bila yeye kuyapunguza uzito.

Hapa kwetu mada zimejaa barabarani. Mama anayepima unga wa mahindi kwa meka, kile chombo cha kupimia, katika soko la mtaa wetu wa Kenya hapa mjini anajua mkono wake unavyoupiga unga uso ili mteja aone umejaa bila kuzidi. Anamjua askari anayepita bila kununua kitu, na anajua bei inavyopanda siku malori yanapokwama mpakani Kasumbalesa. Siku mwanamke mmoja kati yao atakapopata dakika kumi na kipaza sauti kinachofanya kazi, utasikia uchumi wa mkoa mzima.

*Mimi huchekesha kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Ukumbi mmoja wa mjini uliniambia wageni wake wanataka Kifaransa, tena wakaomba niwaletee maneno yangu yote yakiwa yameandikwa. Niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari. Je, nijifunze Kifaransa kwanza?* (Msomaji, Kenya, Lubumbashi)

Mwanangu, jifunze Kifaransa ukipenda, kwa faida zake nyingine, lakini usiweke jukwaa lako rehani kwa ajili yake. Mji huu una urithi mrefu wa kuchekesha kwa lugha yake. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana hapa kwa redio, televisheni na jukwaa, liliigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, lilikuwa na waigizaji wanawake, na halikuhitaji maandishi: waigizaji walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wake, wakafanya mazoezi, kisha kila mmoja akayatoa maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Katiba yetu inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba.

Kwa wenye kumbi wanaosoma ukurasa huu ninaongeza jambo moja, kwa sababu nadhani wengi wao hawajalifikiria. Masharti ya Kifaransa na ya maandishi yanaonekana kuwa ya haki kwa sababu yanawahusu wote, lakini katika familia nyingi pesa za shule zilipopungua binti ndiye aliyebakizwa nyumbani; kwa hiyo masharti hayohayo yanawazuia wanawake wengi zaidi mlangoni. Kipaji cha kuchekesha hakipimwi kwa cheti. Matangazo ya majaribio yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe redioni na sokoni, na majaribio yenyewe yafanyike mchana, kwa mdomo.

Na wewe, mwanangu, rekodi kwa simu dakika tano za sauti yako mbele ya watu halisi, hata kama ni wageni kumi walioketi uani kwenu, ili vicheko vyao visikike. Wapelekee ukumbi huo rekodi hiyo badala ya maandishi. Wakikataa, wapelekee rekodi ileile wale wa Kampemba, ambao barua yao umeisoma hapo juu. Nimemwandikia mwenye ukumbi huo kumwuliza kama naweza kukupatia anwani yake, na amekubali.